UZI: Usikate stempu kwenye bahasha ya zamani, nje ya barua kuna mengi kuliko ndani

Tarishi wa Zamani

Habari za jioni wakuu. Kuna jambo kila nikiliona linanichoma, leo nalitoa.

Mzee anafariki. Matanga yakiisha watoto wanafungua sanduku la bati, wanakuta barua. Mmoja wao kasikia mahali kwamba stempu za zamani zina hela. Anachukua mkasi, anakata kona ya juu ya kila bahasha, stempu anazitia kwenye pakiti, mabaki yanakwenda kuwashia jiko. Akifika mjini na ile pakiti anaambiwa haifiki hata nauli ya kurudi. Na wanaomwambia hivyo hawamwibii. Chenye thamani kimeshakuwa majivu.

Stempu peke yake inakwambia ilichapwa na nani na iliuzwa bei gani, basi. Bahasha nzima inakwambia barua ilitoka wapi, ilipita wapi, ilikaa njiani siku ngapi, nani aliifungua kabla ya mwenyewe, na nani alidaiwa.

Chukua Lamu. Kuanzia Novemba 1888 mpaka Machi 1891 Wajerumani walikuwa na posta yao pale, kwa ajili ya himaya yao ya Witu ng'ambo ya bara. Stempu walizouza ni zile zile za Berlin na Hamburg. Hakuna neno Lamu, hakuna neno Afrika. Kilichozitenga ni muhuri tu. Kata stempu vibaya, muhuri ubaki nusu, umebaki na kikaratasi cha kawaida cha Ujerumani ambacho kimejaa duniani. Iache kwenye bahasha yake na muhuri wake mzima, watu watapanda ndege kuja kuiona.

Unguja nako vivyo hivyo. Posta ya kudumu ilifunguliwa Oktoba 1875 chini ya posta ya India, iliyokuwa ya Waingereza, na kwa miaka 20 watu walibandika stempu za India tupu. Ni Novemba 1895 ndipo zilipoanza kupigwa chapa ya neno Zanzibar juu yake. Katikati hapo kuna kipindi ninachokipenda kuliko vyote: Wafaransa walifungua posta yao Unguja mwaka 1889, wakaifunga 1904. Wajerumani nao wakafungua yao Agosti 1890, wakaifunga Julai 1891. Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima mji mmoja ule, ambao unauzunguka kwa miguu asubuhi moja, ulikuwa na posta tatu za mataifa matatu. Wakati huo huo mawili kati ya mataifa hayo, Waingereza na Wajerumani, yalikuwa yanagawana nchi yenyewe: mkataba wa Heligoland na Zanzibar ni wa Julai 1, 1890. Ukipata bahasha ya kipindi hicho, chaguo la posta peke yake ni habari. Mtumaji alikuwa anasubiri meli ya nani? Alimwamini nani?

Na msidhani ni mambo ya karne ile tu. Stempu zetu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumika nchi zote tatu, tangu miaka ya 1930 mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa inakata roho miaka ya 1970. Ukishaikata na kuiosha, huwezi kujua kama iligongwa Kisumu, Jinja au Singida.

Basi ukipata bahasha, igeuze kwanza. Wengi huangalia mbele tu. Nyuma ndiko posta za njiani na posta ya mwisho zilikogonga mihuri yake. Panga zile tarehe, safari nzima unayo mkononi. Ukiona herufi T, hilo ni deni: mtumaji kabandika stempu pungufu, na mpokeaji katakiwa alipe, kwa kawaida mara mbili ya kilichopungua. Kibandiko chenye R na namba ni rejista. Neno Paquebot maana yake barua ilitiwa posta chomboni baharini. Ukanda wa karatasi ubavuni, hasa wa miaka ya vita, ni wa mkaguzi: kakata, kasoma, kafunga tena.

Sasa kisa kimoja, maana najua mmekuja kwa visa.

Novemba 1, 1870, Unguja, kulifungwa mfuko wa barua za Dk. Livingstone aliyekuwa bara, ukaandikwa tarehe hiyo hiyo. Ukakabidhiwa msafara mdogo uende Ujiji. Msafara ukavuka mpaka Bagamoyo, ambako ni mwendo mfupi tu wa jahazi, ukatia nanga. Novemba ikaisha, Desemba, Januari. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta Livingstone, anasema walikaa Bagamoyo siku 100. Waliondoka Februari 1871, baada ya Kirk, konsuli wa Waingereza Unguja, mwenyewe kuvuka kwenda upande wa bara. Wakafika Unyanyembe, wakakwama tena. Kulikuwa na vita vya mtemi Mirambo, njia ya Ujiji imefungwa. Stanley alipopita Kwihara, karibu na Tabora, akaukuta mfuko upo pale pale na mmoja wa waliopewa kuusindikiza, mtu anayemtaja kwa jina la Kaif-Halek. Akamchukua yeye na mfuko wake, akazungukia kusini kukwepa vita, na ndiye aliyeufikisha Ujiji. Kwa hesabu ya Stanley zilipita siku 365.

Kila mtu anakumbuka ile salamu ya Stanley na Livingstone. Mimi namkumbuka Kaif-Halek. Alikuwa na kazi moja, kufikisha mfuko, na mfuko ulifika.

---

Kibatari

Mkuu haya ni madini. Ilikuwaje Livingstone aliposhika mfuko? Maana mtu hajapata barua miaka.

---

Tarishi wa Zamani

Stanley anaeleza kwamba aliufungua, akatoa barua moja mbili za watoto wake, akazisoma. Stanley akamwambia asome zote kwanza. Mzee akakataa: kasubiri barua miaka, saa chache zaidi hazimuui, yeye anataka kwanza habari za dunia kwa mdomo.

Tena mzee huyo huyo alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Mwaka 1871 akiwa Manyema, Kongo ya leo, aliandika kwa wino alioutengeneza kwa mimea juu ya kurasa za gazeti la zamani, anakatiza maandishi ya gazeti kwa mwandiko wake. Ule wino ukafifia mpaka ukawa hausomeki. Miaka ya karibuni wataalamu wakazipiga picha kwa mianga ya rangi tofauti, maneno yakarudi, na ndani yake mna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai mwaka huo, kama alivyoziandika kabla hazijapambwa kwa ajili ya kuchapwa.

---

Mzalendo Halisi

Uzi mzuri, ila naona ni yale yale. Livingstone, Stanley, konsuli, Mjerumani. Ina maana kabla ya hao Waswahili hawakuandikiana? Bibi zetu walikuwa na kasha la nyaraka wakati huko London hawajajua kubandika stempu.

---

Tarishi wa Zamani

Hapo umenena, na ushahidi upo. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kuliko yote yaliyobaki mpaka leo ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Stempu ya kwanza duniani ni ya Uingereza, 1840. Kwa hiyo barua za Kilwa zimeitangulia kwa miaka karibu 130.

Barua za namna hiyo hazina bahasha wala muhuri wa posta. Karatasi inakunjwa, jina la mpelekewa linaandikwa kwa nje, anapewa nahodha au mtu wa msafara anayekwenda upande huo. Ndani inaanza na msururu wa heshima, jenabu sheikh, muhibu wetu, akramu, afya tele, na "ama baadu" ndipo linaingia neno lenyewe, ambalo mara nyingi ni deni la vitambaa au pembe. Kwa hizo, nje ya barua ni mikunjo, madoa na mwandiko wa jina. Hata hiyo mikunjo usiinyooshe kwa pasi, jamani. Nimeshaona mtu anapiga pasi waraka.

---

Mtu wa Lindi

Nichangie moja kwa huyu Mzalendo, maana si kila barua ilipita posta hata baada ya posta kuwepo.

Mwaka 1908, Maji Maji imezimwa mwaka uliotangulia, Lindi ikatokea barua iliyosemwa imetoka Makka. Ndani mnasimuliwa kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, kamwona Mtume ndotoni, kapewa maonyo: watu wameacha ibada, kiama ki karibu, watubu. Watu wakanakili, wakapeana, ikapanda na pwani mpaka Bagamoyo, ikaingia bara mpaka Tabora. Wajerumani wakashikwa na hofu kwamba ni vita vingine vinapikwa. Wakaanza kufuatilia nakala, na shuku ikamwangukia Rumaliza, yule mfanyabiashara mkubwa wa zamani wa Ujiji, aliyekuwa anaishi Unguja.

Sasa nani humu hajawahi kutumiwa ndoto ya Sheikh Ahmad kwenye WhatsApp, "watumie watu kadhaa utapata heri"? Ni yule yule. Anaota zaidi ya miaka mia.

---

Kibatari

😂😂😂 Mimi nimeipata Ramadhani iliyopita kwa shangazi.

---

Mwisho wa Reli

Niko Kigoma, hamjatutaja. Huku Wabelgiji waliingia Julai 1916 na hawakuondoka mpaka 1921, walipowaachia Waingereza. Nimewahi kuona kwa mzee mmoja bahasha ya kipindi hicho. Stempu ya Kongo ya Mbelgiji, juu yake imepigwa chapa kwa Kifaransa na Kiflemish kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyo chini ya Wabelgiji, na muhuri wa posta ni wa Kigoma. Mwandishi wa anwani ni Mhindi, anaandikia Bombay. Nchi ngapi hizo kwenye bahasha moja?

---

Tarishi wa Zamani

Mwisho wa Reli, nenda kwa huyo mzee kesho na umwambie mkasi ni haramu.

Vita vile vya kwanza viliacha karatasi za ajabu nchi nzima. Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, mapema kabla hawajashika bara, wakati manowari ya Königsberg bado imejificha delta ya Rufiji. Wakakuta stempu za Kijerumani, wakazipiga chapa ya G.R. MAFIA, yaani mali ya Mfalme George. Ile stempu ina merikebu ya Kaisari, na juu yake jina la adui yake.

Upande wa pili Mjerumani alikuwa amezingirwa baharini, hapati kitu kutoka kwao. Tabora walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli. Stempu nazo zilielekea kuisha, basi mapema mwaka 1916 kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Vuga, kule Usambara, kikapewa kazi ya kuchapa za heller (senti ya rupia ya Kijerumani) 2½, heller 7½ na rupia moja. Mwezi Machi meli ya Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi, Lindi, na miongoni mwa shehena yake zilikuwemo stempu. Za Vuga hazikuhitajika tena. Zikazikwa ardhini Waingereza wasizipate, na vita vilipokwisha zikafukuliwa zikaenda kuuzwa Berlin. Nyingi zina madoa ya unyevu wa udongo. Kwa stempu hizo doa ni sehemu ya kitambulisho, anayekuuzia iliyo safi kama ya jana muulize maswali.

---

Dalali Mwaminifu

Tuje kwenye point wakuu. Bei? Ipi ina hela nyingi Afrika Mashariki? Nina mtu ana za zamani za Uganda.

---

Tarishi wa Zamani

Bei siwezi kukutajia, inategemea na hali ya kitu chenyewe. Ila ukisema Uganda ya zamani nashtuka, maana huko ndiko kwenye kisa kitamu na wahuni wengi.

Machi 1895 serikali ya himaya ilitaka posta ndani ya Uganda. Kiwanda cha uchapaji hakuna, stempu hakuna, reli bado haijaanza kujengwa. Ila pale Mengo mmisionari wa CMS (misheni ya Kianglikana), Kasisi Ernest Millar, alikuwa na taipureta. Wakamwomba. Akakaa akapiga stempu moja moja, herufi U na G, katikati namba. Na ile namba si anna wala rupia, pesa za India, ni kauri, simbi zile za baharini, kwa sababu ndiyo pesa iliyokuwa sokoni Buganda. Kauri 200 kwa rupia moja. Zipo za kauri 10, 20, 30 mpaka 60. Baadaye utepe ukabadilishwa, ndiyo maana nyingine zina rangi ya zambarau. Mwaka uliofuata zikaja zilizochapwa kwa mtambo, zenye thamani ya anna, na kauri zikatoka kwenye posta.

Sasa jiulize, kitu kilichopigwa taipu kwenye karatasi nyembamba, mtu mwenye taipureta kuukuu na nafasi atashindwa nini kukiiga? Ndiyo maana huyo mtu wako akiwa nazo zimebanduka peke yake, kaa mbali mpaka mtaalamu azione. Akiwa nazo kwenye bahasha, hapo tunaweza kuanza kuongea, kwa sababu kughushi bahasha ni kazi ngumu zaidi. Nauli ya barua lazima ilingane na uzito na masafa. Tarehe ya kuondoka ikubaliane na ya kufika. Posta ya njiani iwe ilikuwepo mwaka huo. Anwani iandikwe kwa wino na mwandiko wa wakati ule. Mwongo anaweza kupatia vitatu kati ya hivyo, cha nne kinamwumbua.

Mombasa nako 1891, Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pale iliishiwa stempu za thamani ndogo, wafanyakazi wakachukua stempu za thamani nyingine, wakaandika thamani mpya kwa kalamu na kutia herufi za majina yao. Kalamu na wino! Huko nako usinunue gizani.

---

Mtoto wa Shangani

Nyumbani tunayo moja ya Unguja, 1964. Stempu ni ya enzi ya Sultani, juu yake imegongwa JAMHURI 1964 kwa muhuri wa mkono, tena umegongwa upande. Bibi alikuwa anasema mwenye posta mkono ulimtetemeka. Kweli?

---

Tarishi wa Zamani

Mkono wa mtu wa posta siwezi kuusemea, ila kwenda upande ni kawaida kwa hizo. Mapinduzi yalikuwa Januari 12, na kufikia Januari 17 stempu zilizokuwepo zikaanza kugongwa hivyo kwa mkono, kwa wingi na kwa haraka. Zipo zilizopinda, zipo zilizogongwa juu chini, zipo zilizogongwa mara mbili. Baadaye mwaka huo huo zikaja zilizopigwa chapa hiyo kwa mtambo, zimenyooka vizuri, na hazichangamshi. Angalia muhuri wa posta: kama ni wa Wete, Chake au Mkoani, upige picha, maana Pemba waligonga kivyao. Na tarehe ikiwa ni ya wiki za mwanzo, maneno ya Bibi yaandike kwenye karatasi ya pembeni uyaweke pamoja.

---

Mjukuu wa Askari

Shikamooni wakubwa. Babu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), vita vya pili. Tuna bahasha moja aliyomtumia bibi Songea. Haina jina la mahali, muhuri una herufi za posta ya jeshi na namba tu, pembeni kuna sahihi ya Kizungu. Ukoo umegawanyika: wengine wanasema alifika Burma, wengine wanasema aliishia India anapika chai. Barua yenyewe ndani ni salamu tupu, ng'ombe, na nani kazaa.

---

Tarishi wa Zamani

Marahaba. Salamu tupu ni kwa sababu ya ile sahihi. Ofisa alikuwa anazisoma kabla hazijafungwa, kutaja mahali ni marufuku, na wengi wasiojua kuandika walikuwa wanaandikiwa na mwenzao. Kwa hiyo barua ilipita macho ya watu wawili watatu kabla ya bibi yako. Nani ataandika la moyoni hapo?

Namba ndiyo iliyokuwa inaficha mahali, na leo ndiyo inayopafichua. Kila posta ya jeshi ilikuwa na namba yake, na watafiti wameshapanga namba ipi ilikuwa wapi na lini. Namba peke yake haitoshi, kwa sababu ofisi ilihama na jeshi. Unahitaji namba pamoja na tarehe. Tarehe inasomeka?

---

Mjukuu wa Askari

Desemba 1944. Siku imefutika.

---

Tarishi wa Zamani

Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshuka bonde la Kabaw, bonde la malaria na matope, na imefika Kalewa ukingoni mwa mto Chindwin, Burma. Lakini usikimbilie kuwatangazia ukoo. Askari wetu wengine walikuwa Ceylon na India mwezi huo huo. Nitumie ile namba inboksi tuilinganishe. Na nyuma ya bahasha kuna nini?

---

Binti Kirumba

Samahani nakatiza. Nikitaka kuhifadhi za marehemu baba, nizipeleke laminesheni?

---

Tarishi wa Zamani

Hapana! Laminesheni ni kuzika mtu mzima mzima. Selotepu pia usiguse, gundi yake inageuka kahawia na haitoki. Ondoa pini na stepla maana zina kutu. Barua na bahasha yake zisitenganishwe. Weka pakavu, mbali na jua, kwenye bahasha kubwa ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni unaotoa jasho. Piga picha mbele na nyuma. Ukitaka kuandika maelezo, andika kwenye karatasi nyingine, kwa penseli.

---

Mjukuu wa Askari

Namba nimekutumia inboksi. Nyuma hakuna muhuri. Kuna maandishi ya penseli, ya bibi nadhani: debe tatu za mahindi, jina la jirani, na neno "bado".

---

Tarishi wa Zamani

Hayo usiyafute. Na huyo jirani, alilipa?

---

Mjukuu wa Askari

Ukoo wao upo mpaka leo. Nawauliza Jumapili.